Mwaka wa Maji Baridi

Nilikuwa nimeketi uani, nyuma ya jiko, siku ya hitima ya wifi yangu Nimwaka, nikichambua mchele pamoja na wanawake wa mji ule, nilipomsikia mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, sauti ile ambayo watu huitumia wakidhani wazee wote ni viziwi: "Yule bibi aliyekaa karibu na kinu ni nani?" Mwenzake akajibu, "Huyo alikuwa mke wa marehemu Bakari, zamani sana. Mtu wa Mkwiro. Ndiye aliyekuja na ugonjwa." Kisha akaendelea kupepeta. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. Mwaka ule hata mama yake alikuwa hajaolewa. Alisema alichoambiwa, na aliyemwambia naye aliambiwa. Mkono wangu ulisimama ndani ya sinia. Zaidi ya miaka sitini imepita. Bakari amekufa, mama yake amekufa, sasa na Nimwaka tumemzika, na katika mji ule mimi bado ni mwanamke aliyekuja na ugonjwa.

Rehema, mjukuu wa Nimwaka, alikuwa amesikia pia. Rehema amesoma. Kazi yake ni ya maabara, anachunguza minyoo inayoishi ndani ya damu za watu, kwa hiyo habari ile aliijua kwa jina lake halisi, kichocho. Aliinuka akitaka kuwajibu wale wanawake. Nilimshika kanga nikamwambia akae. Watu walipokwisha kula wakatawanyika, alitandika mkeka ukumbini akaniambia, "Bibi, nieleze mwaka ule ulivyokuwa. Bibi Nimwaka hakupenda kuusema." Nikamwambia aanze yeye, anieleze kwanza mdudu huyo alituingiaje na alikaaje ndani yetu muda wote ule bila miili yetu kumtoa. Akanieleza, nami nikamweleza. Haya ninayoyasema hapa yana elimu yake na mwaka wangu, kwani tangu siku ile siwezi tena kuvitenganisha.

Niliolewa miezi michache kabla ya Uhuru. Kwetu Mkwiro, kule kisiwani, hakuna mto wala chemchemi. Maji yetu yalikuwa ya mvua, tuliyoyaweka katika birika, na birika likikauka tulivuka kuyafuata Shimoni, upande wa bara, kwa madebe. Msichana wa Mkwiro alijua kukoga kwa kata chache, na maji aliyooshea mchele ndiyo aliyoyatumia kuoshea vyombo. Mji wa kina Bakari ulikuwa ndani kidogo ukiacha barabara ya Msambweni, juu ya bonde la mpunga, na chini ya bonde ulipita mto. Asubuhi ya kwanza baada ya siku zangu za uharusi, Nimwaka alinipeleka mtoni. Yeye alikuwa msichana bado, mdogo kwangu kidogo tu, mwepesi wa kucheka. Nilisimama ukingoni nikaona maji baridi mengi yanapita bure, hayana mwenyewe. Niliingia na kanga yangu kifuani, nikakaa mpaka yakanifika shingoni, na sikutoka mpaka Nimwaka alipokwisha kufua nguo zote na kuzianika. Tangu siku ile, kila niliposhuka kuchota nilikoga, na kila nilipokoga nilikawia. Nilikuwa na furaha ambayo mtu aliyezaliwa karibu na mto hawezi kuijua. Siku za mwanzo, nikitoka majini miguu iliniwasha ikatoka vipele vidogo. Nimwaka alicheka akasema, "Maji yanakusalimia, wifi. Utayazoea."

Hapo Rehema alinisimamisha. Alisema vile vipele ndivyo vilivyokuwa mlango. Katika maji yale yaliyotulia kwenye majani waliishi konokono wadogo, na ndani ya konokono wale mlitoka vijidudu vyenye mkia, visivyoonekana kwa jicho, vinavyoogelea kutafuta ngozi ya mtu. Kijidudu kikigusa ngozi hutoa vimeng'enya, yaani maji ya mwilini mwake yanayoyeyusha na kukata, vya namna ile ile iliyomo matumboni mwetu ikisaga chakula. Vimeng'enya vile huilainisha ngozi, kijidudu kikapenya, kikaacha mkia wake nje. Haichukui muda. "Unapojikausha, Bibi, kimeshaingia," alisema. Nilimwuliza mbona Nimwaka hakuwashwa kama mimi. Akasema ngozi yangu ilikuwa haijapata kukutana nacho, ikashtuka. Ya Nimwaka ilikutana nacho tangu utotoni. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Nilikuwa mgeni hata kwa wadudu wa pale.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho upande wa kusini, kina kitanda cha kamba na dirisha dogo lililotazama migomba. Bakari alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, na siku zote za kati nilikuwa wa mama yake. Mama mkwe wangu, aliyeitwa Mejumaa kwa jina la kifunguamimba wake aliyefariki, alinipokea vizuri, na sitaki mtu afikiri vingine. Alinifundisha kutwanga mpunga bila kuuvunja. Alinifundisha kupika mboga ya mchunga ikaondoka uchungu, na samaki akiletwa, kichwa aliniwekea mimi. Wakati wa sherehe za Uhuru tulikwenda sote uwanja wa skuli, akanishika mkono kama binti yake, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Wanaume barazani walizungumza habari za majimbo, na nani atachukua mashamba ya nani, na baada ya mwaka kugeuka walizungumza kwa kunong'ona habari za mapinduzi ya Unguja. Sisi jikoni tulizungumza habari ya tumbo langu, kama lina kitu au halina.

Halikuwa na kitu. Nilipata homa kwanza, nikikohoa usiku na mchana, na kila mtu akasema ni malaria. Homa ikaisha. Kisha, mvua kubwa zilipokaribia, nikaanza kukojoa kwa maumivu, na mwisho wa mkojo ikatoka damu. Nilidhani ni hedhi imepotea njia. Nilifunga kitambaa nikasubiri iishe. Haikuisha. Bakari akija Jumamosi nilimpa visingizio mpaka visingizio vikanishinda, na alipokuwa nami iliniuma kiasi cha kunitoa machozi, na shuka ikawa na damu. Aliondoka kesho yake kabla ya chai. Jumatatu mama yake aliikuta ile shuka nikiifua, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hii ni nini, Mwanatumu?"

"Sijui, mama."

"Mwanamke hajui damu yake?"

Toka siku hiyo sahani yangu ilitengwa. Hakutangaza, hakugomba. Wakati wa chakula cha mchana tulikuwa tumezoea kula sinia moja, yeye, Nimwaka na mimi. Siku ile nilikuta sinia yao mahali pake na bakuli la bati limewekwa pembeni, lina wali na mchuzi, na kata yangu ya maji imetundikwa msumari wake peke yake. Nilikula. Nimwaka aliinamisha uso hakunitazama. Alasiri nilipokuwa chumbani, nilimsikia mama mkwe akizungumza na jirani nyuma ya ukuta wa udongo. Alisema, "Visiwani kule mabaharia wanaingia na kutoka. Sisi tumeletewa zinaa ndani ya nyumba, tukaipigia vigelegele." Jirani akamwuliza kama mwanawe ameshaambukizwa. Akajibu, "Ndilo linaloniondolea usingizi." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu ya kweli. Ningeweza kumchukia kama ingekuwa sauti ya uovu.

Aliniletea kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nami nikanywa asubuhi na jioni. Maji yalikuwa ya mtoni, nami niliyachota mwenyewe, nimesimama ndani mpaka magotini. Nilisali nikaomba. Nilijikagua maisha yangu yote nikitafuta dhambi niliyoifanya bila kuijua. Ilifika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba pengine kuna mtu alinigusa nikiwa usingizini, pengine nguo niliyoazima, pengine kiti nilichokalia Shimoni. Mtu akiambiwa kila siku kwamba amefanya jambo, mwisho hulitafuta. Nilikonda. Nilipoinuka ukumbini niliinuka kwa kushika ukuta, na bado nilishuka mtoni kila siku, kwa sababu kule tu ndiko nilikopata nafuu. Maji yale yalipoza moto. Sikuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Rehema alinieleza kwa nini mwili wangu haukunisaidia. Alisema mwili wa mtu hutengeneza kingamwili, vitu vidogo ndani ya damu vinavyomshika mgeni na kuwaonyesha walinzi wengine kwamba adui ni huyu. Lakini mnyoo wa kichocho hutoa vimeng'enya vinavyozikata hizo kingamwili vipande, hata zikimshika hazina tena kazi. Vimeng'enya vingine vimekaa juu ya ngozi yake vikiharibu ile ishara ambayo mwili huitoa pale unapojeruhiwa, ili wito usisikike, na vingine huzuia damu isigande pale alipo. Tena hujipaka vitu vya damu yetu wenyewe, akafanana nasi. Hivyo huweza kukaa ndani ya mishipa karibu na kibofu, dume na jike wamekumbatiana, miaka na miaka, wakitaga. Mayai ndiyo yanayochimba njia ya kutoka, nayo hayajui pa kwenda. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye kibofu na kwenye mji wa mimba, na hayo ndiyo mwili huyaona na kupigana nayo mpaka unajiumiza. Nilimwuliza, "Kwa hiyo mwili ulikuwa ukipigana na mayai, na minyoo wenyewe wamekaa?" Akasema ndiyo. Nilikuwa nimeulaumu mwili wangu maisha yangu yote kwa kunisaliti, kumbe nao ulikuwa umedanganywa kama wenzangu wa nyumba ile.

Nimwaka nilimgundua siku ya kufua. Tulikuwa peke yetu mtoni, akaenda kichakani, akakawia, nami nikamfuata nikidhani ameona nyoka. Nilimkuta amechutama, ameuma ncha ya kanga, na chini mchanga ulikuwa mwekundu. Tulitazamana.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu sijavunja ungo."

"Mama anajua?"

Alinishika miguu. Kwa kweli alinishika miguu, akiwa bado amechutama. "Wifi, usiseme. Naomba kwa Mungu. Watu wa Kombani wanakuja kumaliza posa mwezi ujao. Wakisikia hawatakuja. Umeona wanavyokufanya wewe, na wewe umeolewa."

Nilikaa chini karibu naye. Nilijua palepale kwamba huyu msichana ndiye ushahidi wangu. Hakuwahi kukaa na mwanamume hata faragha ya kusalimiana, na mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikisema, nitaoshwa mimi na atachafuliwa yeye. Sikuweza. Si kwa wema mkubwa. Nilikuwa nimeonja lile bakuli la pembeni, na sikumtakia mtu, licha ya yule aliyekuwa akinichekesha. Nilimwambia, "Sitasema." Tukamaliza kufua.

Mwezi ule Mejumaa akamwita mjomba wangu. Mjomba Shee alikuwa fundi cherehani Shimoni, mtu mkimya, ndiye aliyesimama kama mzazi katika ndoa yangu. Alifika baada ya sala ya alasiri, akaketi ukumbini na Bakari na baba mdogo wa Bakari, Mzee Hamisi. Mejumaa alikaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa, nikisikia kila neno. Mzee Hamisi alimshukuru Mungu, akaulizia afya za watu wa kisiwani mmoja mmoja, kisha akasema, "Shee, tumekuita kwa heshima. Mtoto wako tulimpokea vizuri. Lakini ana maradhi, na maradhi hayo hayakutoka katika nyumba hii."

"Maradhi gani?" Mjomba aliuliza.

Mejumaa ndiye aliyejibu. "Maradhi ya wanawake wasiotulia."

"Mmempeleka hospitali?"

"Ili watu wote wajue?"

Mjomba akamgeukia Bakari. "Nawe, mwanangu, wasemaje?"

"Mimi nafuata wakubwa," Bakari alisema. Sikumwona, lakini niliijua sauti yake akiwa anatazama vidole vyake.

Nimwaka aliingia na kahawa. Nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia, kisha sinia ikiwekwa chini, kisha sikusikia miguu ikitoka. Mama yake akamwambia aende. Hakwenda. Alisema, kwa sauti ndogo ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, "Mama, na mimi ninayo."

"Unayo nini?"

"Hiyo damu ya wifi. Ninayo tangu kabla hajaja hapa. Na mimi sijajua mwanamume. Wewe wajua kuwa sijajua."

Nilifungua mlango. Sikukusudia, mkono ulifungua. Mejumaa alikuwa amesimama, amejiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Kwa kitambo nilidhani ameelewa. Niliona uso wake ukielekea kwenye kuelewa, nikaona unavyokataa. Maana kama binti yake alikuwa na damu ile kabla yangu, basi ilitoka katika mji wake, katika maji yake, na sahani yangu aliitenga bure. Alinigeukia akasema polepole, "Umemwambukiza mwanangu. Mmekula chombo kimoja, umemwambukiza."

"Mama, ninakwambia ni kabla," Nimwaka alisema.

"Nyamaza. Hujui unalosema."

Mzee Hamisi alimtazama Bakari. Bakari alisimama, akatazama mlangoni pa nje, akasema, "Mwanatumu, nimekuacha." Talaka moja. Mjomba Shee aliinywa kahawa yake mpaka mwisho, nasi sote tukimngoja, akaweka kikombe chini. Akasema, "Vyema. Huyu wangu mmenirudishia. Na huyu wenu niazimeni, niwapeleke wote wawili hospitali."

"Mchukue," Mejumaa alisema. Alikuwa amekaa tena, amejifunika uso. "Kombani wakisikia, ni nani atamtaka?"

Hospitali tuliyopelekwa sitaitaja, na yule daktari amekwisha kufa. Alikuwa Mhindi, mtu mzima, mwenye Kiswahili kizuri. Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, vitanda vya chuma, na harufu ya dawa iliyoshika hata kwenye uji. Asubuhi uji, mchana sima na maharage, jioni sima na maharage. Tulilala vitanda viwili vilivyokaribiana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikula sahani moja na mtu, kwani Nimwaka alikataa kula yake mpaka ichanganywe na yangu. Daktari alitutaka mkojo wa adhuhuri, jua likiwa kichwani, akatutembeza kwanza uwanjani mpaka tukatoka jasho, akisema saa hizo ndipo mayai hutoka mengi. Kisha akaniita nitazame kwenye darubini. Niliona kitu kama mbegu ya tango, chenye mwiba mkiani. Akasema, "Hili si la zinaa, binti yangu. Hili ni la mto. Mlilipata kwa kukoga."

Sikulia. Nilimwuliza, "Utawaambia?"

"Wakija nitawaambia," alisema.

Nilikaa karibu na dirisha siku zile zote nikitazama njia, nikimngoja Mejumaa aje aambiwe. Hakuja. Hakuja yeye wala Mzee Hamisi wala jirani aliyesikiliza nyuma ya ukuta. Ukweli ulikuwa umepatikana, umo chini ya kioo, na hapakuwa na mtu wa kuupokea. Nadhani zile ndizo zilizokuwa siku mbaya kuliko zote, mbaya kuliko za bakuli, maana kabla ya hapo nilikuwa na tumaini kwamba siku kweli ikijulikana, yatakwisha.

Dawa ilikuwa ya sindano, ya antimoni, haitumiki tena siku hizi. Iliingizwa kwenye mshipa wa mkono, taratibu sana, siku moja ikirukwa. Kabla nesi hajamaliza, mdomo ulijaa ladha ya chuma, kikohozi kikapanda kikakukaba, kisha kutapika. Ilibidi ulale bila kuinuka, maana iliugusa moyo. Ikivuja nje ya mshipa nyama ilioza. Mkono wangu wa kushoto una kovu mpaka leo. Rehema alisema dawa ile ilikuwa sumu kwa wote wawili, ikimwua mnyoo kabla kidogo tu ya kumwua mgonjwa, na madaktari walitembea katikati hapo. Sindano ya nne au ya tano, Nimwaka alikohoa, akasema, "Wifi, naona giza," kisha macho yake yakageuka. Nesi aliitupa sinia akakimbia. Nilishuka kitandani, na dawa yangu imo mwilini, nikamshika mkono nao ukawa baridi kama wa maiti. Daktari alikuja akamsukuma kifua. Mimi nilikuwa sakafuni nikisema maneno ambayo sikuyajua kuwa ninayasema. Nesi aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nikimwambia Mungu achukue mimi kwa kuwa mimi nimeshaharibika. Nimwaka akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya sauti, kama ya mtu anayetoka chini ya maji. Daktari aliipunguza dawa yake, akairefusha siku.

Bakari alikuja mara moja. Alileta machungwa na nguo zangu ndani ya kikapu. Tulikaa kwenye kipenu cha nje, juu ya benchi la wagonjwa wanaosubiri, na kati yetu kikapu.

"Nimekuja kuuliza kama utarudi," alisema. "Eda haijesha."

"Mama anajua umekuja?"

"Hajui."

Nilimtazama. Alikuwa mzuri bado, na mimi nilikuwa nampenda bado. Hilo sikumwambia yeyote mpaka nilipomwambia Rehema. Nikamwuliza, "Bakari, ulipokuwa mtoto ulipata kukojoa damu?"

Alicheka kwa haya. "Nani hakukojoa? Sote. Tulikuwa tukishindana pale mtoni, ya nani nyekundu zaidi. Wazee walisema ndiyo tunakuwa wanaume." Kisha kicheko kikamwishia usoni. Akatazama chini.

"Ni hiyo hiyo," nilimwambia.

"Yangu ilikwisha."

"Ingia kwa daktari umpe mkojo wako. Akuonyeshe. Kisha twende mimi na wewe kwa mama ukamwambie ulichokiona. Ukifanya hivyo nitarudi."

Mlango wa daktari ulikuwa wazi, hatua chache kutoka pale. Alikuwemo ndani, tulisikia akipiga chafya. Bakari aliutazama muda mrefu. "Watu wa kazini wakisikia watasemaje?" aliniuliza, na nikaona kwamba ananiuliza kweli, anataka nimpe jibu litakalomwezesha kuingia. Alisimama, akaweka machungwa juu ya benchi moja moja, akachukua kikapu kitupu akaenda. Eda ikaisha. Alioa mtu wa Diani, akazaa, akaishi miaka mingi na afya yake ikisifiwa, mpaka kibofu kikamkamata uzeeni, akawa anakojoa kwa mpira na damu. Nimwaka ndiye aliyemwuguza. Rehema alisema ndivyo inavyokuwa kwa waliobeba mayai yale muda mrefu bila dawa. Kibofu hugeuka kigumu kama ngozi ya ngoma, kisha saratani. Alipokufa, pale mjini walisema ni ule ugonjwa niliomwachia mimi.

Mimi niliolewa tena Shimoni, na mume mwema, wala sikupata mtoto. Sindano ziliua wadudu, lakini makovu ya mayai hazikuyaondoa. Nilishona nguo na mjomba mpaka macho yakachoka. Nimwaka, posa ya Kombani ilivunjika kama alivyoogopa; aliolewa miaka ya baadaye na mjane mmoja mtu mzima, akaharibu mimba mara kadhaa, kisha Mungu akampa binti mmoja, ambaye ndiye mama yake Rehema.

Siku tuliyotoka hospitali Mjomba Shee alikuja kunichukua, na Nimwaka alikuwa anarudi kwao, kwani hapakuwa na ndugu mwingine wa kumpokea, na mama yake alituma neno kwamba arudi, kazi za bondeni zimemzidi. Daktari alitusimamisha mlangoni akatuagiza. Alisema tumepona, lakini mdudu anaweza kuingia upya kama mara ya kwanza, mwili haujifunzi kumzuia. Tusiingie mtoni tena. Tusikoge humo, tusifue, tusisimame ndani kuchota. Nimwaka alimsikiliza kwa adabu, mikono ameifumbata mbele. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, mishipa ya mikono imekauka kama kamba kwa zile sindano. Daktari alipomaliza kusema, Nimwaka akamwuliza, "Kisima kiko wapi, Daktari?"

"Kisima gani?"

"Hicho nitakachochotea."

Daktari alisema ataiandikia wilaya. Tulitembea mpaka barabarani, mjomba mbele na sisi nyuma, tumeshikana mikono. Lori la kwenda Shimoni lilikuja kwanza. Nilimkumbatia Nimwaka nikamwambia asishuke mtoni, nami nilijua ninalosema halina maana, na yeye akanijibu, "Sawa, wifi," ili niondoke na moyo mwepesi. Nilipopanda, nilimwona amegeuka, ameshika njia ya kwao. Kesho yake asubuhi alishuka kuchota.